Faida ya Baiskeli Kuukuu Hupatikana Siku ya Kuinunua

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikinunua baiskeli zilizotumika, nikizitengeneza na kuziuza, na kwa maoni yangu kazi hii humlipa yule anayeweza kuikataa baiskeli mbovu kabla hajatoa fedha. Baiskeli chafu na baiskeli iliyochakaa hufanana kwa mbali, lakini ya kwanza huhitaji kitambaa, grisi na saa chache za jioni, ilhali ya pili hudai vipuri ambavyo gharama yake huweza kuipita bei utakayoiuzia.

Mimi huanza na mnyororo. Ninauvuta ukaze, kisha ninaweka rula katikati ya pini moja: katika mnyororo mpya, pini ya 24 baada ya hiyo huangukia inchi 12 barabara. Ikizidi kwa 1/16 ya inchi, mnyororo ubadilishwe. Ikizidi kwa 1/8, aghalabu meno ya gia za nyuma nayo yamekwisha kulika, na mnyororo mpya utayaruka kila mpandaji anapokanyaga kwa nguvu.

Kosa lililonigharimu zaidi lilihusu nguzo ya kiti. Nilinunua baiskeli nzuri yenye fremu ya chuma na nguzo ya alumini, nikaja kugundua nyumbani kwamba metali hizo mbili zilikuwa zimeshikana kwa kutu. Ilinichukua jioni tatu kuikata nguzo ile kwa msumeno kutoka ndani, kidogo kidogo, nikiogopa kuijeruhi fremu. Tangu hapo silipi mpaka nilegeze bolti na kukizungusha kiti kwa mikono yangu.

Fremu yenyewe huikagua chini ya usukani, mahali mabomba yanapoungana. Rangi iliyotuna au mstari mwembamba kama unywele hunitosha kuondoka, kwa kuwa huenda mnunuzi atampakia mtoto wake. Vilevile huiacha baiskeli ambayo namba yake ya utambulisho, ambayo mara nyingi huchongwa chini ya ekseli ya pedeli, imefutwa kwa tupa, kwa kuwa huenda ni ya wizi, hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa.

Anayetaka kuanza na aanze na baiskeli moja, aandike kila kipuri na kila saa aliyotumia, wala asinunue ya pili mpaka ya kwanza iuzike.