Modeli ipi ya kodi za nyumba niichague?

SWALI: Ninaandika tasnifu ya uzamili kuhusu kodi za nyumba katika mitaa ya Umoja na Donholm. Modeli yangu ya kwanza ya regresheni, yaani hesabu inayokadiria kodi kutokana na sifa za nyumba, ina vigeu huru (sifa hizo) viwili: idadi ya vyumba vya kulala na umbali hadi kituo cha matatu. Ya pili inaongeza vinne: ghorofa, maji ya mfereji, umri wa jengo na maegesho. Kwa nyumba 120, R mraba, yaani sehemu ya tofauti za kodi inayoelezwa na modeli, imepanda kutoka 0.61 hadi 0.64. Je, niichukue ya pili? – Mwanafunzi, Nairobi

JIBU: Kupanda huko pekee hakuthibitishi lolote, kwa sababu R mraba haishuki kigeu kinapoongezwa, hata kiwe cha nambari za kubahatisha. Kwa kuwa modeli yako ndogo imo ndani ya kubwa (vigeu vyake vyote vimo pia katika kubwa), tumia jaribio la F, linalopima kama ongezeko hilo ni kubwa kuliko la kubahatisha. Gawanya lile ongezeko la 0.03 kwa vigeu vinne vilivyoongezwa. Gawanya pia 0.36, sehemu isiyoelezwa na modeli kubwa, kwa 113, yaani nyumba 120 ukitoa vigezo saba vilivyokadiriwa: kimoja kwa kila kimoja cha vigeu sita, na kile kisichobadilika. Kisha gawanya jibu la kwanza kwa la pili. Utapata takriban 2.35, ilhali mpaka wa asilimia 5, ambao bahati tupu huuvuka mara 5 tu kati ya 100, ni karibu 2.45. Imekaribia sana, lakini haijavuka, kwa hiyo jaribio hili haliungi mkono modeli kubwa.

Vipimo vingine, vinavyopima jinsi modeli inavyolingana na data kisha kuitoza alama kwa kila kigezo, vitakuvuta huku na huku. Kipimo cha Akaike, kinacholenga utabiri, hutoza 2 kwa kila kigezo, na hapa kinaipendelea modeli kubwa kwa takriban alama 1.6 tu. Kile cha Schwarz, cha mwaka 1978, hutoza logi asilia ya idadi ya data, karibu 4.79 kwa nyumba 120, hivyo kinaipendelea ndogo kwa zaidi ya alama 9. Kwa maoni yangu, baki na ndogo. Hata hivyo, ikiwa kabla ya kukusanya data ulikuwa na sababu ya kuamini kwamba maji hupandisha kodi, kijaribu kigeu hicho peke yake, kwa maana nguvu yake huenda imemezwa na vile vitatu vingine.

Jambo moja ninakusihi ulikague kwanza. Programu nyingi za takwimu huondoa kimyakimya kila nyumba yenye pengo katika data yake. Ikiwa wapangaji kadhaa hawakujua umri wa jengo, modeli ya pili imekokotolewa kwa nyumba chache kuliko ya kwanza, na hesabu zote hizi hazifai mpaka modeli zote mbili zitumie nyumba zilezile.