Fuwele moja, mipangilio miwili: usumaku na supakondakta za chuma

SWALI: Mwalimu, nimesoma kwamba katika supakondakta zenye chuma, usumaku hushindana na hali ya kupitisha umeme bila ukinzani, ilhali vyote viwili hupimwa ndani ya fuwele moja. Je, fuwele hizo si mchanganyiko tu wa vipande vya aina mbili?

JIBU: Shaka yako ni ya haki, na kwa baadhi ya sampuli za mwanzo zilizotiwa potasiamu mgawanyiko wa namna hiyo uliripotiwa kweli. Hata hivyo, sivyo ilivyo kwa BaFe2As2 (kiwanja cha bariamu, chuma na aseniki) iliyotiwa kobalti.

Kiwanja hiki kikiwa safi na kikapozwa hadi karibu kelvini 140, pande mbili za fuwele zilizokuwa sawa hutofautiana urefu kidogo, na spini za atomi za chuma (yaani sumaku ndogo ndogo za atomi hizo) hujipanga safu kwa safu, kila safu ikielekea kinyume cha jirani yake. Kobalti ikishika nafasi ya asilimia 4.7 hivi ya chuma, umbo hubadilika kwenye kelvini 60, usumaku huanza kwenye 47, na ukinzani hutoweka kwenye 17.

Sasa tazama kipimo cha nyutroni, ambapo nyutroni hurushwa kwenye fuwele na zinazotawanyika huchorwa kwenye grafu. Kilele kinachotokana na usumaku hukua kadiri fuwele inavyopoa kutoka kelvini 47, lakini ikishuka chini ya 17 kilele hicho huanza kufifia. Laiti vipande vingekuwa vimetengana, kile chenye usumaku kisingepata habari ya yaliyomfika jirani yake. Kobalti ikikaribia asilimia 6, usumaku uliokwisha kujitokeza hutoweka tena kabisa fuwele inapozidi kupozwa. Vipimo vya NMR (mwitikio wa viini vya atomi kwa usumaku unaovizunguka) kwenye viini vya aseniki navyo vinaonyesha kwamba usumaku umeenea fuwele nzima.

Sababu ni kwamba mipangilio yote miwili hutegemea elektroni zilezile: zinazofungwa na usumaku hazipatikani kwa urahisi kuunda jozi zinazopitisha umeme bila ukinzani, na zilizokwisha kuunda jozi huupunguzia usumaku nguvu.

Neno «mshindani», hata hivyo, nalitumia kwa tahadhari, kwa sababu wengi wetu tunaamini kwamba mitikisiko ya spini, usumaku tulivu unapodhoofika, ndiyo inayoziunganisha jozi hizo. Tena FeSe, kiwanja cha chuma na seleniamu, hubadili umbo kwenye kelvini 90 bila usumaku wowote kujipanga katika kanieneo ya kawaida, na bado huwa supakondakta chini ya kelvini 9 hivi.