Kwenye tuta la mawe yaliyoungua, tafuteni hori kwanza

Wadogo zangu mnaokwenda kuchimba Ireland kwa mara ya kwanza, mtaoneshwa tuta lenye umbo la kiatu cha farasi kando ya kijito, limejaa mawe yaliyopasuka na udongo mweusi kwa mkaa. Wenyeji huliita fulacht fiadh. Yako maelfu nchini kwao, mengi ya Zama za Shaba Nyeusi, na kwa kawaida huwa bondeni, karibu na maji.

Msilivamie tuta. Lile ni jalala tu. Kazi yenyewe ilifanyika kwenye hori, yaani shimo la kuwekea maji lililochimbwa ardhini, mara nyingi likatandikwa mbao: mawe yalitolewa motoni yakatumbukizwa majini mpaka maji yachemke, na yaliyopasuka yakatupwa pembeni. Mbao hizo zimedumu zaidi ya miaka 3,000 kwa sababu hazikukauka. Mkizifunua asubuhi zikapigwa na jua na upepo mpaka mchana, zinaanza kupasuka mbele ya macho yenu. Zinyunyizieni maji, zifunikeni, wala msingoje kuambiwa.

Tazameni pia aina ya jiwe. Jiwe la mchanga ndilo lililopendwa sana. Aliyekulia pwani akaona matumbawe yakichomwa kutengeneza chokaa ataelewa upesi: jiwe la chokaa likitoka motoni na kuingia majini huishia kuwa uji mweupe.

Kosa langu lililoniuma lilikuwa la mkaa. Nilichagua kipande kinene cha mwaloni kipimwe umri, kwa kuwa kilikuwa kizuri. Kipimo cha kaboni 14 huonesha wakati mti ulipokua, si siku ulipochomwa, na kiini cha mwaloni mkongwe chaweza kuutangulia moto kwa karne kadhaa. Chukueni vijiti vyembamba au maganda ya njugu za mti wa hazel.

Kuhusu matumizi, mwanaakiolojia M. J. O'Kelly alijaribu mwenyewe huko Ballyvourney, Cork, miaka ya 1950: lita zipatazo 450 zilichemka kwa takriban nusu saa, na paja la kondoo likaiva kwa saa 3 na dakika 40. Hata hivyo mifupa huonekana kwa nadra, ndiyo maana wengine husema palikuwa mahali pa kuoga, kutia nguo rangi au kutengeneza pombe. Udongo wenye asidi nao hula mifupa. Mimi nipo upande wa wapishi, lakini kwenye daftari la uchimbaji msiandike "jiko". Andikeni hori, idadi ya mbao, aina ya mawe, na maji yalikoingilia.