Anti, Simu Haizimiki: Maswali na Majibu

Wiki mbili zilizopita niliandika kwamba kila siku, saa moja jioni hadi saa mbili usiku, simu yangu inalala kabatini jikoni, kando ya ndoo ya unga. Nilidhani nimesema jambo dogo. Meseji zilizoingia zimenikalisha chini. Wachache wamenipongeza, wengi wamenigombeza. Naanza na aliyenigombeza zaidi.

Shikamoo Anti. Nauza dagaa kwa jumla pale soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Wateja wangu wako Tabora, Shinyanga na Dar. Oda zinakuja kwa simu, na pesa pia. Nikizima saa nzima mteja anampigia jirani yangu. Hayo ya kuzima simu si ya watu wenye mishahara?

Marahaba mwanangu. Umenishika pabaya, maana na mimi nimeanika dagaa miaka tisa kabla sijaanza kuandika.

Lakini hebu watazame hao hao wanaokuletea mzigo. Mvuvi wa dagaa anaingia ziwani usiku wa giza, anawasha taa zake, zamani karabai na siku hizi za sola, dagaa wanaufuata mwanga na nyavu zinawangoja. Mbalamwezi ikishakuwa kubwa taa hazifui dafu, kwa hiyo mitumbwi inapumzika siku kadhaa, nyavu zinashonwa, watu wanakwenda kuona familia zao. Je, kuna mteja wa Tabora aliyewahi kukununia kwa sababu ya mwezi? Hakuna, kwa kuwa anajua mapema. Anayekasirisha wateja ni yule anayepotea bila kusema.

Kwa hiyo sema. Andika kwenye wasifu wako wa WhatsApp: "Oda za maandishi nasoma siku nzima, isipokuwa saa nane hadi saa tisa mchana. Dharura piga." Halafu usizime simu, zima data. Simu ya kawaida itaita, na ujumbe wa malipo utaingia kama kawaida, maana hauhitaji bando. Mwanangu, oda yenyewe unaisoma kwa nusu dakika. Kinachokula muda ni zile video unazofungua ukishaisoma.

Na saa yangu usiikopi. Saa moja jioni huenda ndipo wateja wako wanapohesabu pesa. Wewe mbalamwezi yako iweke mchana, magari yakishapakia na soko likapoa.

Anti, nasoma chuo, naishi Malimbe. Nimeweka programu ya kunizuia nisizidishe nusu saa, lakini ikinizuia naizima mwenyewe. Bando la usiku linanikesha mpaka saa tisa. Macho yanawasha.

Umemkabidhi mwizi funguo za ghala, kisha unashangaa mahindi yamekwenda wapi.

Usijilaumu kupita kiasi, lakini. Ule ukurasa unaoshuka bila kufika mwisho haukujitengeneza. Aliyeubuni mwaka 2006 ni mtaalamu wa Marekani aitwaye Aza Raskin, na baadaye alisema hadharani kwamba anajuta. Gazeti lina ukurasa wa mwisho. Sahani ya wali nayo utafika chini, hata uwe mlafi namna gani. Hiyo simu haina chini, kwa hiyo mwisho uulete wewe, na uwe mwisho wa kushikika kwa mkono, usiwe programu nyingine tena. Simu ilale chumba cha mwenzako. Najua utaniambia ndiyo inayokuamsha asubuhi. Nunua saa ya mezani yenye kengele.

Bando la usiku ni la bei ndogo kwa sababu saa hizo watu wamelala na mitambo haina kazi nyingi. Wewe ndiye unayeitafutia kazi. Ukiacha hilo la muda, mwanga wa kioo karibu na macho usiku unapunguza melatonini, ile homoni inayouarifu mwili kwamba giza limeingia. Ndiyo maana hata ukiiweka chini saa tisa, usingizi hauji haraka.

Macho yanawasha kwa kuwa tukikodolea kioo tunapepesa mara chache, yanakauka. Kila dakika 20 inua uso, tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 au zaidi kwa sekunde 20. Malimbe mna ziwa zima la kutazama, sielewi mnataka nini kingine. Yakiendelea kuwasha nenda ukapimwe.

Mwanangu wa miaka mitatu hali bila katuni. Nifanyeje? Mama, Buhongwa.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja ya kioo kwa siku, na pungufu yake ni bora. Wa chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa.

Hiyo katuni uliianzisha ili upate nafasi ya kusonga ugali, na mimi sikulaumu. Sasa iondoe kwa mlo mmoja tu kwanza, uji wa asubuhi, na simu yako isionekane mezani kabisa. Atalia. Mwache alie karibu yako. Njaa ikimshika atakula, na wewe usirudi nyuma kilio kikipanda, maana hapo utakuwa umemfundisha kulia zaidi.

Nafanya kazi ya uhasibu Nyakato. Bosi anatuma kazi kwenye grupu saa nne usiku na anaangalia nani amesoma. Nikizima nitaonekana mvivu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka kazi ya kawaida isizidi saa 45 kwa wiki, saa za ziada zilipwe si chini ya mara moja na nusu, na kati ya kumaliza kazi na kuianza tena mfanyakazi apate mapumziko ya saa 12 mfululizo au zaidi. Mapumziko hayo yanaweza kupunguzwa kwa makubaliano ya maandishi, na kuna viongozi wa ngazi za juu wasioguswa na vipengele hivyo, kwa hiyo soma mkataba wako kwanza. Ilitungwa kabla ya WhatsApp, iliyokuja 2009. Wafaransa wameligusa jambo hili lenyewe: tangu Januari 2017 kampuni zenye wafanyakazi 50 na zaidi zinatakiwa kujadiliana nao haki ya kutopatikana baada ya kazi.

Ila usiende kwa bosi na kifungu mkononi. Nenda asubuhi, akiwa amekunywa chai: "Bosi, kazi za usiku nazisoma saa mbili kamili asubuhi. Ikiwa ni ya kuungua, nipigie." Bosi anayeona tabu kupiga simu atagundua mwenyewe kwamba kazi ilikuwa inaweza kusubiri. Na zile alama za bluu unaweza kuziondoa kwenye mipangilio, japo kwenye grupu zinabaki.

Nikizima simu jioni mke wangu anasema kuna mtu namkwepa asinipigie nikiwa nyumbani. Mume, Igogo.

Hata mimi ningesema hivyo hivyo.

Usiizime. Iache na sauti, iweke mezani kioo kikitazama juu, na yake kando. Ikiita yoyote, aliye karibu apokee. Ikiwa sharti hilo limekutoa jasho, swali lako si la safu hii.

Mama yangu ni mgonjwa, yuko Ukerewe. Naogopa kukosa simu yake.

Pole sana, mwanangu. Kwenye simu nyingi za kisasa kuna sehemu inaitwa Usinisumbue. Ukiiwasha, unachagua namba zinazoruhusiwa kuita: mama, na yule jirani anayemwangalia. Unaweza pia kuruhusu anayepiga mara ya pili ndani ya dakika chache apite. Ijaribu mchana na mdogo wako kabla hujaitegemea usiku.

Mwadila mayu. Mimi ni dereva wa gari la mizigo, Mwanza na Sengerema. Zamani kivukoni nilikuwa nashuka, napiga soga, nalala kidogo. Sasa nafika mapema lakini sina muda hata wa kupumua. Muda umekwenda wapi?

Mwadila, baba. Swali lako nimelisoma mara tatu.

Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025 nilishangilia kama wengine. Kilomita 3 na ushei, dakika chache umevuka, pale ambapo foleni ya kivuko iliweza kula saa mbili. Nani anataka kuirudisha ile foleni, na mgonjwa ndani ya gari? Lakini foleni ilikuwa na kitu kimoja. Ilikulazimisha ukae, na haikukuuliza kama una nafasi. Daraja lilikurudishia zile saa, na kabla hujazitia mfukoni tajiri akapiga: "Umeshavuka? Basi pitia na kule." Ukishusha mzigo, kiti kikiwa bado cha moto, unafungua simu.

Kwa hiyo jitengenezee kivuko. Ukishavuka, tafuta mahali salama Busisi, zima injini, simu iingie kwenye droo ya gari, mwambie tajiri mapema kwamba dakika hizo 30 hupatikani. Kula sato wako, au lala kama zamani. Dereva aliyepumzika nusu saa ana faida hata kwa huyo tajiri.

Anti, na wewe hujawahi kuvunja?

Jumanne iliyopita. Saa moja na robo nilikumbuka sijamjibu dada yangu habari ya harusi, nikafungua kabati, nikajibu, nikajikuta saa mbili na nusu natazama mtu nisiyemjua akipaka rangi nyumba yake. Maharage yaliungua. Ufunguo wa kabati sasa anakaa nao mjukuu wangu, ana miaka minane na hapokei rushwa. Maswali ya wiki ijayo tumeni kabla ya saa moja.