Barua kwa mwanangu anayeuguza

Mwanangu,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Umeniuliza kama ni vibaya kuzima simu mpaka mumeo atoke wodini, maana wateja wa cherehani yako wanapiga mfululizo nawe umeshika bakuli la uji. Kabla ya simu, nina neno juu ya daftari la oda.

Mtu mzima akivunjika paja akafungiwa uzito mguuni, hesabu ni wiki sita na kuendelea. Kwa hiyo usimwambie mteja yeyote "nikitoka hospitali nitakupigia". Mtume binti unayemfundisha akuletee daftari hapo wodini, upange oda kwa tarehe ya kuvaliwa nguo. Usiangalie nani kalipa zaidi wala nani ana sauti kubwa. Gauni la Idd likifika Idd pili limeshakosa kazi. Mapazia yanaweza kungoja, na harusi za mfungo mosi bado zina nafasi kidogo.

Kitambaa ambacho hakijaguswa na mkasi kirudi kwa mwenyewe na pesa yake yote, leo hii. Hicho hakina mjadala.

Tabu iko kwenye nguo zilizokwisha kukatwa. Unakumbuka mwaka ule mama yako mdogo alipomuuguza mumewe. Alikuwa na sare za kitenge za mashangazi wa bibi harusi, zote zimekatwa, akazipeleka kwa fundi mwingine pamoja na daftari. Sasa yeye huandika kipimo kikavu cha mwili: kifua 38, kisha anakata akiwa ameongeza inchi mbili za kupumulia. Yule fundi alizoea kuandika kipimo cha nguo iliyokwisha. Akaona 38, akaona kitambaa kimezidi, akabana mishono mpaka ikafika 38, halafu akapitisha ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa, na kukata kilichobaki ndani. Zipu hazikupanda. Na ovaloki ikishakata hakuna cha kufumulia, kitambaa kimekwenda. Mama wa bibi harusi akaja na gauni moja saa ya kuona wagonjwa, akalikunjua juu ya miguu ya mgonjwa, watu wazima wa kitanda cha pili wanatazama. Mpaka leo nikikumbuka nasikia moto kifuani.

Utasema kosa ni la fundi. Ni kweli, angeuliza. Karatasi moja yenye mstari mmoja nayo ingemtosha. Lakini mwanamke anayemgeuza mume kitandani usiku kucha, akili ya kuandika karatasi anaitoa wapi? Nalizungusha hili na silimalizi. Ninachojua ni kwamba wewe bado unayo nafasi ya kuiandika.

Kila nguo iwe na mfuko wake. Karatasi ibanwe kwa pini kwenye kitambaa chenyewe: "Vipimo ni vya mwili. Nimeongeza inchi 2 kifuani na 2 kwenye nyonga. Mshono nimeachia inchi moja kila upande." Ndani weka zipu, bitana, uzi wa rangi yake na kipande kilichobaki, maana fundi akikosa bitana ya rangi ile ataweka yoyote. Mwambie asipitishe ovaloki kabla mwenyewe hajaja kuijaribu. Ujira wake ukubaliane naye wewe, utoke kwenye malipo ya awali uliyopokea, mteja asije akadaiwa mara mbili.

Zilizobaki pindo na vifungo unaweza kumalizia kwa mkono hapo benchini. Nyeupe usiipeleke wodini. Tone moja la dawa ya vidonda na umepata kazi nyingine.

Halafu wateja. Nimeshasema mara nyingi nyumbani, habari mbaya ipelekwe asubuhi, na isiende mikono mitupu. Asubuhi, ili mtu awe na siku nzima ya kutafuta fundi mwingine. Na iende na njia mbili mkononi. Andika hivi:

"Dada, nauguza, na tarehe 14 sitaiwahi. Gauni lako limekatwa, halijashonwa. Naweza kumpa fundi ninayemwamini bila wewe kuongeza pesa, au nikurudishie pesa yako. Naomba unijibu kabla ya kesho saa sita mchana."

Ugonjwa wenyewe si lazima uutaje, wala namba ya wodi, usije ukatembelewa na gauni. Na usiandike "nitajitahidi inshallah", kwa sababu mteja hapo anasikia ndiyo. Kama pesa ya mtu imeshaingia kwenye dawa, mwambie utairudisha lini na kiasi gani kwa kila awamu. Hiyo nayo ni habari mbaya, ipelekwe asubuhi.

Umezungukwa na maneno na swali lako la simu bado liko pale. Ulimi unaniwasha, mwanangu. Lakini aliye wodini ni mume wako na wanaopiga ni wateja wako. Mimi niko Tanga. Ila ujumbe ukishakwenda kwa wote, nadhani haitalia kama jana. Basi, ninyamaze.

Kanzu zilizobaki tarizi ya shingo nitumie kwa basi la asubuhi, jina na namba yangu uviandike nje na ndani ya mfuko. Nitazidarizi mimi na kuzirudisha kabla ya Ijumaa. Mpe mumeo pole yangu.

Mama yako