Sambaza, kiboko na jiwe la lava: maswali yenu kuhusu ikolojia

Kati ya barua zilizotufikia mwezi huu, nne zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: viumbe wanategemeanaje, na wanategemeaje mahali wanapoishi? Tumezijibu pamoja, kwa kuwa jibu la moja linasaidia kuelewa nyingine.

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafundisha sekondari hapa Bukavu. Wanafunzi wangu wanasema kwamba ikolojia ni kulinda mazingira. Je, wako sawa? Na mfumo wa ikolojia ni kitu gani hasa? (Mwalimu, Kadutu)

JIBU: Mwalimu, kulinda mazingira ni kazi, na ikolojia ni elimu inayoiongoza kazi hiyo. Neno lenyewe lilibuniwa mwaka 1866 na Mjerumani Ernst Haeckel kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya nyumba, naye alikusudia elimu ya jinsi viumbe wanavyohusiana wao kwa wao na mahali wanapoishi. Mwaka 1935 Mwingereza Arthur Tansley aliongeza wazo la mfumo wa ikolojia, yaani viumbe wa mahali fulani wakihesabiwa pamoja na maji, hewa, udongo, joto na mwanga wa hapo kuwa kitu kimoja. Wafundishe wanafunzi kuuliza maswali mawili mbele ya bwawa, shamba au msitu wowote: nishati inaingia na kutokea wapi, na virutubisho vinazungukaje? Nishati ya jua hupita mara moja tu, ikaishia kuwa joto. Virutubisho kama nitrojeni na fosforasi hutumika, hurudi, hutumika tena.

SWALI: Mimi ni mama muuza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Ziwa letu ni kubwa na lina kina kirefu sana, lakini kuna siku wavuvi wanarudi asubuhi na beseni moja tu. Watu wanasema ni gesi inayoua samaki. Ukweli ni upi? (Mama wa Kituku, Goma)

JIBU: Mama, tuanze na ukubwa wa ziwa, kwa sababu ndio unaodanganya macho. Ziwa Kivu lina kina cha karibu mita 485 pale penye kina kirefu kabisa, lakini samaki wake wanaishi katika tabaka la juu tu, lisilozidi mita 60 hivi, kwa kuwa chini ya hapo hakuna oksijeni. Maji ya chini ni mazito kwa chumvi na kwa gesi iliyoyeyuka, kiasi kwamba hayapandi kuchanganyika na yale ya juu. Humo mna takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za methani. Maadamu gesi hiyo imetulia huko chini, haimgusi sambaza. Kinachomzuia asizidi kuongezeka ni chakula.

Ukipasua tumbo la sambaza kwa ukucha, unakuta uji kidogo tu: ni mabaki ya vijidudu vya majini ambavyo jicho huviona kwa shida. Vijidudu hivyo hula mwani unaoelea, na mwani hutengeneza chakula chake kwa mwanga wa jua. Katika kila hatua ya mnyororo huu sehemu kubwa ya nishati hupotea, kwa sababu kila kiumbe huitumia kuogelea, kupumua na kuzaa. Mmarekani Raymond Lindeman, aliyechunguza ziwa dogo la Minnesota, alilieleza jambo hili mwaka 1942, na tangu hapo hukadiriwa kwamba takriban sehemu moja kati ya kumi ndiyo inayovuka kutoka hatua moja hadi nyingine. Kwa kipimo hicho, beseni lako la kilo 10 za sambaza limetokana na kilo 100 za vijidudu, nazo zimetokana na tani nzima ya mwani.

Sasa, mwani huo unahitaji mbolea, yaani virutubisho, na hapa ndipo penye shida ya pekee ya ziwa letu. Katika ziwa lisilo na kina kirefu, kinachokufa huzama, bakteria hukiozesha, na upepo hurudisha mbolea juu. Katika Ziwa Kivu kinachokufa huzama mpaka kwenye maji yasiyopanda, na mbolea yake hufungiwa huko kama mahindi yaliyowekwa ghalani na ufunguo ukapotea. Sehemu ya methani tunayoizungumzia kila siku ni kazi ya bakteria waliokuwa wakiozesha mizoga hiyo kwa karne nyingi. Mbolea kidogo hurudi polepole, ikisukumwa na chemchemi zilizo chini ya ziwa. Nyingine hurudi wakati wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba hivi, ambapo upepo mkavu hupoza maji ya juu, yakawa mazito, yakazama na kuchanganyika na yale yaliyo karibu na mpaka wa oksijeni. Ndipo mwani unapoongezeka.

Ujue pia, Mama, kwamba sambaza mwenyewe ni mgeni. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika kati ya mwaka 1958 na 1960, kwa kuwa katikati ya Ziwa Kivu hapakuwa na samaki aliyekula vijidudu hivyo. Alistawi na kulisha maelfu ya familia, nami sioni sababu ya kujutia kuletwa kwake, lakini kuja kwake kulikuwa na gharama. Kiroboto-maji mkubwa, mmoja wa vijidudu hivyo, wa ukubwa wa punje ya ulezi, aliyekuwa mlaji hodari wa mwani kuliko wenzake, aliliwa hadi akatoweka ziwani.

Jambo moja liko mikononi mwetu. Sambaza wachanga hukulia karibu na ufuo, na nyavu zilizoshonwa kwa vyandarua huwazoa kabla hawajazaa hata mara moja. Kwa ziwa lenye mbolea haba kiasi hiki, hasara hiyo ni kubwa, na ninawaomba wauzaji wasiwanunue samaki hao wadogo, hata kama bei yake inavutia.

SWALI: Nilikulia Vitshumbi, kando ya Ziwa Edward. Wazee walikuwa wakisema kwamba viboko wakiisha, samaki nao wataisha. Kiboko anakula nyasi, basi anahusianaje na samaki? (Msomaji wa Goma)

JIBU: Wazee wako waliona vizuri. Usiku kiboko hutoka majini, akala makumi ya kilo za nyasi, na mchana hurudi kulala majini na kunya humo humo. Kwa njia hiyo hubeba mbolea ya nchi kavu na kuitia ziwani, ambako hulisha mwani na vijidudu, na hatimaye tilapia. Katika Hifadhi ya Virunga, miaka ya 1970, walikuwapo viboko wapatao 29,000; kufikia mwaka 2005, baada ya vita na ujangili, walikuwa wamepungua hadi chini ya 1,000. Uvuvi wa kupita kiasi nao umechangia kupunguza samaki katika Ziwa Edward, kwa hiyo si haki kuutupia upungufu wa viboko lawama yote.

SWALI: Ukuta wa kiwanja changu nimeujenga kwa mawe ya lava iliyomwagwa na volkeno ya Nyiragongo mwaka 2002. Sasa umeota kitu cha kijivu kama sufu, na kangaga wameota katika nyufa. Hakuna aliyepanda. Mwanangu anakikwangua hicho cha kijivu, akisema ni uchafu. (Msomaji wa Birere, Goma)

JIBU: Hicho cha kijivu ni kuvumwani, na ndicho kilichoanza kuufanya ukuta wako kuwa mahali pa kuishi. Ukikitazama kwa kioo cha kukuzia utaona vishina vidogo vilivyosongamana, kila kimoja kikiwa ni ushirika wa kuvu na mwani: kuvu hushika jiwe na kutunza unyevu, mwani hutengeneza chakula. Lava ina fosforasi na potasiamu lakini haina nitrojeni, na ndani ya kuvumwani hii wamo bakteria wanaoichukua nitrojeni kutoka hewani. Ikifa, mabaki yake huchanganyika na vumbi ndani ya nyufa na kuwa udongo wa kwanza, wa unene wa ukucha. Vijimbegu vya kangaga huletwa na upepo, na mbegu za vichaka huletwa baadaye na ndege. Udongo mweusi wa Masisi na Rutshuru nao una asili ya volkeno, ila umri wake ni mkubwa mno ukilinganisha na ukuta wako.

Mwambie mtoto aukwangue upande mmoja tu na auache mwingine, kisha mvua za Septemba zikianza ahesabu kangaga wa kila upande na kuandika idadi yao kwenye daftari. Atuletee hesabu yake, nasi tutaichapisha.