Wanafunzi wanaoacha chuo cha ufundi: anzeni na simu ya siku ya kwanza aliyokosa

Mkuu, umeuliza kwa nini chuo chenu kinadahili wanafunzi wengi kila mwanzo wa mwaka, lakini mtihani wa mwisho ukifika madarasa yamebaki nusu, na kama mkiongeza matangazo ya udahili hali itatengemaa. Nimekuwa mlezi wa wanafunzi kwenye chuo cha aina hiyo kwa miaka tisa, na kabla ya hapo nilifundisha umeme wa majumbani. Matangazo hayatawasaidia. Mtakuwa mnateka maji kwa pakacha.

Sisi pia tuliamini kwa muda mrefu kwamba wanaoacha ni wale ambao masomo yamewashinda. Siku moja nikachukua madaftari ya mahudhurio ya mihula mitatu nikayapitia jina kwa jina. Wengi wa walioondoka hawakuwa wamefeli chochote, hata jaribio la kwanza hawakulifikia. Safari yao ilifanana: ndani ya wiki nne za mwanzo mtu anakosa siku moja, mara nyingi siku ya karakana, anarudi, anakosa mbili mfululizo, kisha kimya. Chuo kilimwandikia wiki ya sita au ya saba, na barua yenyewe ilikuwa ya kudai ada.

Nilimtafuta binti mmoja aliyekuwa fani ya uchomeleaji. Alibadilishiwa zamu kazini akakosa somo la usalama, na kanuni ya karakana ni kwamba asiyepata somo hilo hagusi mashine. Kanuni ni sahihi kabisa. Ila hakuna aliyemwambia somo litarudiwa lini. Alikuja siku mbili akasimama pembeni akiwatazama wenzake, siku ya tatu hakuja. Nilipompigia, neno lake la kwanza lilikuwa: "Nilidhani mmeshanifuta." Vincent Tinto, mwanazuoni wa Marekani, aliandika tangu mwaka 1975 kwamba mwanafunzi hubaki pale anapojiona ni sehemu ya chuo, kimasomo na kijamii. Binti yule alinieleza jambo lilelile kwa maneno mawili.

Kwa hiyo anayekosa apigiwe simu siku hiyohiyo, si mwisho wa wiki. Apige mtu anayemfahamu kwa sura, yaani mwalimu wake wa karakana au mlezi. Na msianze na "kwa nini hukuja?", maana swali hilo humfanya mtu atafute uongo. Sisi tunasema: "Leo tumekukosa. Kesho tunafunga saketi ya taa mbili, njoo nusu saa mapema nikuoneshe kilichokupita." Anasikia kwamba nafasi yake ipo na njia ya kurudi ipo. Ujumbe mfupi unafaa kukumbusha ratiba, lakini kwa mtu aliyeanza kupotea sauti ndiyo inayofanya kazi.

Hapo tulikosea, nanyi msirudie. Muhula wa kwanza tulimpa mhasibu orodha hiyohiyo ya waliokosa, naye akawa anapiga kuulizia madeni. Ndani ya wiki chache wanafunzi wakaacha kupokea namba yoyote ya chuo. Mazungumzo ya ada yana mahali pake na siku yake. Yatenganisheni.

Uongozi utauliza watu wa kufanya kazi hiyo watatoka wapi. Waonesheni ASAP, mpango wa kuwasaidia wanafunzi wahitimu katika vyuo vya jamii vya CUNY, yaani Chuo Kikuu cha Jiji la New York, ulioanza mwaka 2007. Wakati wa utafiti uliofanywa na MDRC, shirika la utafiti la Marekani, mshauri mmoja wa mpango alikuwa na wanafunzi kati ya 60 na 80, wakati washauri wa kawaida wa vyuo hivyo walikuwa na 600 na kuendelea. Ndani ya miaka mitatu, asilimia 40 ya waliopangiwa mpango walihitimu, na katika kundi la kulinganisha walihitimu asilimia 22. Wanafunzi wa mpango walisaidiwa pia pengo la ada, vitabu na nauli, kwa hiyo si ushauri peke yake. Lakini mpango ulipojaribiwa kwenye vyuo vitatu vya jimbo la Ohio matokeo yalielekea kulekule. Mlezi mwenye majina 500 hana mwanafunzi hata mmoja, ana orodha tu.

Fedha ndogo nazo huondoa watu wengi kuliko tunavyodhani. Mtu amelipa ada yote lakini hana viatu vya usalama, anaona aibu kusema, anaacha kuja. Tulianzisha kabati la vifaa vya kuazima: ovaroli, viatu, miwani, seti za zana. Unasaini, unachukua, unarudisha ukihitimu. Kabati hilo lilitugharimu kidogo kuliko mabango ya mwaka mmoja.

Kuhusu udahili, mpelekeni mwombaji karakanani kabla hajalipa. Aone kelele, joto, kusimama saa nzima. Wachache watabadili mawazo, na ni haki yao. Pia mleteni mwajiri wiki ya tatu badala ya muhula wa mwisho. Mwanafunzi wa ufundi amekuja kutafuta kazi, basi aione kazi mapema.

Jambo moja linanisumbua kila ninaposikia chuo kinaanza mpango wa namna hii: takwimu za mahudhurio kutumika kumpima mwalimu. Kwetu uongozi ulijaribu, na muhula uliofuata madaftari yalijaa alama za vema huku viti vikiwa vitupu. Walimu waliogopa kuandika ukweli, nasi tukakosa kujua nani wa kumpigia. Ilibidi mkuu wa chuo asimame mbele ya walimu na kutamka kwamba daftari halitamwadhibu mtu, ndipo likaanza kusema kweli tena.

Yule binti wa uchomeleaji alirudi na mkondo uliofuata, somo la usalama akalipata siku ya pili. Siku hizi tunalirudia kila Jumatatu, wiki sita za mwanzo, hata kama aliyekosa ni mmoja. Ukiniambia mna walimu wangapi kwa kila fani, nitakuandikia jinsi tulivyogawana zamu za simu.